Mkono Unatazamwa, Akili Je?

Mzee akianza kutetemeka mkono, nyumba nzima huutazama ule mkono. Mkewe huona kikombe kikigonga kisahani, wajukuu huona vifungo vya shati vikimshinda, na waumini wenzake huona anavyouficha mfukoni wakati wa kusalimiana. Akifika hospitali, daktari naye humwambia aunyoshe. Sawa, mkono ndio unaoonekana. Lakini ugonjwa wa Parkinson makao yake ni ubongoni, na ubongo huohuo ndio unaopanga shughuli za siku, unaopima kimo cha ngazi, unaochagua neno na kulileta mdomoni. Familia nyingi huanza kuuliza habari za akili baada ya miaka, mambo yakiwa yameshaharibika.

Ninawaandikia walio na mgonjwa nyumbani, hasa huku Sigalagala, kaunti ya Kakamega, na vijiji vya Idakho na Isukha. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu nchini Kenya ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Mgonjwa wako ataonana na daktari dakika chache, kisha arudi baada ya miezi kadhaa. Anayemkorogea uji asubuhi na kumsikia akipiga kelele usiku ni wewe. Ndiyo maana ombi langu ni moja: tangu siku anapoambiwa ana Parkinson, itazame akili yake kama unavyoutazama mkono, na uandike unachokiona. Mengi yanayoivuruga yana tiba, na mengine huletwa na dawa zilizomo ndani ya nyumba yako.

Kosa la kuisahau akili lina historia ndefu. James Parkinson, daktari wa London, alipoueleza ugonjwa huu katika kijitabu chake cha mwaka 1817, alieleza habari za wagonjwa sita tu, na akaandika kwamba fahamu na akili zao zilibaki salama. Neno hilo lilirithiwa na madaktari kwa vizazi. Mwaka 1912 Fritz Heinrich Lewy, akifanya kazi Ujerumani, aligundua vijivimbe vidogo ndani ya chembe za ubongo wa wagonjwa hao, na mwaka 1997 ikajulikana kwamba vimejaa protini iitwayo alfa-sinukleini. Vijivimbe hivyo vinaweza kusambaa hadi sehemu za ubongo zinazohusika na kufikiri na kuona. Kwa hiyo mabadiliko ya akili ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Hayasababishwi na uzee tu, wala na ukaidi, wala na jirani aliyenuna kwa sababu ya mpaka wa shamba.

Yanaanzaje? Watu hutarajia kusahau: majina, tarehe, mahali funguo zilipowekwa. Katika Parkinson mara nyingi kinachotangulia ni kingine. Tuseme mzee wako alikuwa fundi seremala, kama wengi hapa, maana chuo cha ufundi kimeufanya mji huu ujulikane kwa kazi za mikono. Anaombwa fremu ya dirisha. Anamkumbuka mteja, anaikumbuka bei, anaikumbuka siku ya kuikabidhi. Randa na patasi anazijua kama zamani. Lakini anakata vipande vyote vinne sawasawa na upana wa dirisha, bila kuacha urefu wa zile ncha zinazoingia kwenye matundu ya viungio. Anagundua, anakasirika, anakata vingine, anarudia kosa lilelile. Kilichopungua hapo ni uwezo wa kushika hatua tano kichwani na kuzifuata kwa mpangilio. Kumbukumbu yake iko salama.

Kwa mama utaliona jikoni. Anajua kupika, hakuna wa kumfundisha. Ila mrenda unafurika kwenye jiko moja huku maji ya ugali yakikauka kwenye jingine, kwa sababu kuyafuatilia mambo mawili kwa wakati mmoja kumekuwa mzigo. Utaliona pia kwenye simu. Anaingiza nambari ya siri ya M-Pesa vizuri akiwa peke yake. Mtu akimsemesha katikati, anapotea, anatuma pesa mara mbili au kwa nambari isiyo yake. Au anamimina chai kando ya kikombe. Au anakalia ukingo wa kiti akidhani yuko katikati, na jioni, mwanga ukipungua, njia ya kutoka barabarani hadi nyumbani inakuwa ngeni kidogo.

Kuna dalili moja ya kukusaidia kutofautisha. Mtu mwenye ugonjwa wa Alzheimer, hata ukimdokezea, mara nyingi jambo limefutika kabisa. Mwenye Parkinson, mwanzoni, ukimdokezea hulikumbuka: unamwambia, "Ni yule aliyekuja na pikipiki nyekundu," naye anataja jina papo hapo. Jina lilikuwamo, njia ya kulifikia ndiyo iliyokuwa nzito. Andika hilo pia, litamfaa daktari.

Lakini tahadhari na upande wa pili. Parkinson hukausha uso na kudidimiza sauti. Mzee hatabasamu, hapepesi macho, anajibu kwa sauti ya chini baada ya kimya kirefu, na wageni wanaanza kuzungumza juu yake kama kwamba hayupo. Nimeliona hili kwenye mikutano ya familia na linaniumiza, kwa sababu mara nyingi mzee anaelewa kila neno. Ukimuuliza jambo, hesabu polepole hadi kumi moyoni kabla ya kurudia. Usimjibie. Swali liwe moja, fupi. Redio izimwe kwanza.

Je, kila mwenye Parkinson ataishia kupoteza akili? Swali hili wagonjwa huliuliza kwa macho kabla ya kuliuliza kwa mdomo, na linastahili jibu la kweli. Tafiti za nchi nyingi zikijumlishwa, takriban mmoja kati ya wanne wasio na dimenshia ana udhaifu mdogo wa akili unaopimika. Udhaifu mdogo maana yake bado anajisimamia. Dimenshia ni pale akili inaposhindwa kiasi cha kumzuia kuendesha maisha yake ya kila siku. Kule Sydney, Australia, wagonjwa 136 walifuatiliwa kwa miaka 20. Katika wachache waliokuwa hai mwishoni, asilimia 83 walikuwa na dimenshia. Takwimu hiyo ilitisha ulimwengu, na hadi leo hunukuliwa bila maelezo. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu nyingine. Katika kundi la wagonjwa ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 61 hivi, makadirio ya kupata dimenshia ndani ya miaka kumi yalikuwa kama asilimia 9. Katika kundi jingine, la wenye wastani wa miaka 69 hivi, asilimia 27. Ukizisoma pamoja utaona kwamba miaka kumi ya kwanza wengi huivuka na akili zao, na kwamba umri una uzito mkubwa. Mpe mgonjwa wako jibu hilo kama lilivyo. Kumwambia "haitakupata" ni kumdanganya, na kumwambia "jiandae" ni kumvunja moyo bila sababu.

Mbali na umri, wapo wanaohitaji kutazamwa kwa karibu zaidi. Yule ambaye shida yake kubwa ni ukakamavu, mwendo na kuanguka yuko hatarini kuliko yule anayetetemeka tu. Aliyewahi kuona vitu visivyokuwapo yuko hatarini. Anayeshikwa na kizunguzungu kila anaposimama, vivyo hivyo. Na yuko yule anayepigana usingizini: anapiga mateke, anarusha ngumi, anampigia kelele mwizi wa ndotoni, akiamka anasimulia ndoto yote. Hali hii huweza kutangulia mtetemeko kwa miaka mingi, na wake wengi wameivumilia kimya wakidhani mume ameingiliwa na pepo. Mwambie daktari. Wakati huohuo, ondoa panga na kigoda karibu na kitanda, teremsha godoro chini, na mama alale kitanda kingine bila kuona haya.

Habari ya pepo na uchawi siipiti haraka. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako watafiti walipita nyumba kwa nyumba kwenye eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na asilimia 78 yao hawakuwa wameambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wakiishi nao kama uzee, au kama laana. Sioni kwa nini vijiji vyetu viwe tofauti sana na vile vya Hai. Na mtetemeko ukiongezewa maono ya usiku, minong'ono ya kurogwa hupata nguvu, pesa za dawa zinakwenda kwa mganga, na wakati mwingine mama mzee wa nyumba ya pili anatupiwa lawama ambayo inaweza kumgharimu uhai. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba zetu waelezwe waziwazi kwamba mgonjwa ana Parkinson, ili walisemee jambo hilo wanakopita. Mchungaji na chifu wajue pia.

Sasa tuje kwenye daftari. Nunua daftari la kawaida la shule, lenye kurasa 48. Upande mmoja andika kila tembe anayomeza na saa yake, zikiwemo za mafua, za tumbo na za mitishamba. Upande wa pili andika unachokiona: alilalaje, alianguka, alipotea njia, aliona nini, alishindwa kazi gani aliyokuwa akiiweza. Sentensi moja kwa siku inatosha. Siku ya kliniki usiseme "anasahausahau". Msomee daktari mistari mitatu.

Unaweza pia kumpima nyumbani, kila baada ya miezi mitatu hivi, kwa njia isiyomtia aibu asiyesoma. Vipimo vingi vya akili vilitungwa kwa watu waliokaa darasani: chora saa, hesabu kurudi nyuma kwa saba. Bibi ambaye hakupelekwa shule atavishindwa hata akiwa mzima kabisa. Wataalamu waliofanya kazi hukohuko Hai walitunga kipimo kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee wa Afrika, na ndani yake mna mambo mawili unayoweza kuyaiga. La kwanza, mwombe ataje wanyama wote anaowajua kwa dakika moja, na ataje kwa lugha ya mama. Ukimlazimisha Kiswahili unapima Kiswahili chake. La pili, panga njiti nne za kiberiti mezani kwa umbo fulani, mpe zake nne, umwambie apange vivyo hivyo. Watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliofuatilia wagonjwa wapya wa Parkinson waligundua kwamba waliotaja wanyama wachache, na walioshindwa kunakili mchoro wa pembe tano mbili zilizoingiliana, ndio ambao wengi wao walipata dimenshia miaka ya mbele. Njiti zako si hukumu. Andika idadi ya wanyama na namna njiti zilivyopangwa, umlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita. Na umpime saa ileile, dawa ikiwa inafanya kazi, kwa sababu dawa ikiisha nguvu hata fikra hupungua kasi.

Jambo la haraka kuliko yote katika makala haya ni hili. Akili ikibadilika ndani ya saa chache au siku mbili, hiyo si dimenshia mpaka mengine yote yapimwe. Dimenshia huja kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa akizungumza vizuri Jumapili, na Jumanne hajui yuko wapi, anavuta nguo hewani, analala mchana na kuhangaika usiku, ana kitu kingine: malaria, ambayo katika ukanda wetu huu wa magharibi haijatutoka, mkojo wenye maambukizi, kichomi, kukosa maji, choo kilichoziba kwa siku nyingi, au tembe mpya. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa kubwa. Mpeleke siku hiyohiyo, ukiwa na daftari, na uombe apimwe damu ya malaria, mkojo, sukari na chumvi za mwilini. Iwe ni hospitali ya misheni ya Mukumu au ile kubwa ya rufaa ya kaunti mjini Kakamega, sema neno hili mlangoni: "Hakuwa hivi juzi." Akitibiwa, wengi hurudi walipokuwa au karibu na hapo, ingawa inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Na hata mabadiliko ya polepole yapimwe kabla ya kupewa jina. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo, VVU, kaswende ya zamani, huzuni nzito, masikio yaliyoziba: yote hayo huigiza dimenshia, na yote yana namna ya kushughulikiwa. Huzuni hasa. Ni sehemu ya Parkinson kwa wengi, haihitaji msiba ili ije, na ikitibiwa mtu huchangamka hadi mkashangaa.

Dawa nazieleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo ninapoona madhara yanayoepukika. Dawa kuu ya Parkinson ni levodopa, inayochanganywa na carbidopa au benserazide kwenye tembe moja. Hiyo haina badala yake mpaka leo. Lakini ni ghali kwa mtu wa kijijini, na maduka mengi ya dawa hayaiweki. Iliyo rahisi kupatikana ni benzhexol, ambayo pakiti nyingine huandikwa trihexyphenidyl au Artane. Kliniki za afya ya akili huwa nayo kwa sababu hupunguza madhara ya dawa za wagonjwa wao, na inatuliza mtetemeko kweli. Shida ni kwamba huzuia kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo ubongo unaitumia kukumbuka na kuwa makini, na ambayo mgonjwa wa Parkinson tayari anayo pungufu. Kwa kijana haimdhuru sana. Kwa mzee wa miaka 70 inaweza kumletea usahaulifu, maono na kuchanganyikiwa, halafu familia inaambiwa ugonjwa umefika kichwani. Kama mzee wako anaimeza na akili yake inayumba, muulize daktari kama inaweza kupunguzwa. Usiikate ghafla mwenyewe, ipunguzwe kidogokidogo.

Zipo nyingine zenye tabia hiyohiyo ambazo hununuliwa bila kuulizwa: Piriton ya mafua, promethazine ya usingizi, amitriptyline ya maumivu ya mishipa. Kichefuchefu kikimshika, Plasil, yaani metoclopramide, si yake kabisa. Huzuia dopamini ambayo levodopa inajaribu kuiongeza. Na kubwa kuliko zote ni haloperidol. Mzee akiona vitu usiku, akapelekwa hospitali akipiga kelele, sindano ya haloperidol huwa karibu. Inaweza kumkakamaza asiweze kumeza, na kwa wenye vijivimbe vya Lewy vilivyosambaa inaweza kuhatarisha maisha. Chlorpromazine hali kadhalika. Ikibidi dawa ya maono, daktari atachagua kati ya quetiapine na clozapine, ya pili ikiwa na masharti ya kupima damu. Andika kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari: ANA PARKINSON. ASIPEWE HALOPERIDOL WALA PLASIL. Utakuwa umechoka usiku huo wa manane, na jalada litakusemea.

Levodopa yenyewe isikatwe ghafla hata siku moja, hata kama mnafunga kwa maombi, hata kama duka limeishiwa. Kukatwa ghafla huweza kuleta homa kali na ukakamavu unaoua. Nunua akiba ya wiki mbili mbele. Aimeze nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula, kwa sababu protini ya nyama, maziwa na maharagwe hushindana nayo kuingia mwilini. Wala msimkorogee upupu. Ni kweli mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, na watafiti wamezijaribu kwa umakini kwa ajili ya nchi maskini. Lakini kipimo cha mbegu moja si cha nyingine, na ukiuongeza juu ya tembe unaweza kumpeleka kwenye maono unayoyaogopa. Jambo jingine la dawa: anayetumia pramipexole au ropinirole akianza kubeti kwa simu usiku kucha, au kununua vitu ovyo, mwambie daktari kabla ya kumlaumu. Dawa hizo huweza kuamsha tamaa ambayo mtu hakuwa nayo.

Ikishathibitika kuwa ni dimenshia ya Parkinson, ipo rivastigmine. Huongeza ile asetilikolini, na jaribio kubwa la mwaka 2004 lilionyesha inasaidia kwa kiasi. Narudia, kwa kiasi: mzee anakuwa makini zaidi, anashiriki mazungumzo, maono yanapungua kwa baadhi. Haiurudishi ubongo wa zamani. Inaweza kuleta kichefuchefu na kuongeza mtetemeko kidogo. Ukiona mgonjwa anapewa rivastigmine na benzhexol pamoja, uliza kwa heshima, maana moja inajenga kile ambacho nyingine inabomoa.

Maono yenyewe mara nyingi huanza kwa upole. Mzee anahisi kuna mtu amesimama nyuma yake. Anaona paka akipita ukutani. Anaona watoto wamekaa kwenye kochi, kimya, wala hawamtishi. Usimbishie, wala usimkubalie. Mwambie, "Baba, mimi siwaoni, lakini najua wewe unawaona. Hapa uko salama." Washa taa, ondoa koti lililotundikwa mlangoni, geuza kioo. Kisha mpeleke akapimwe macho, kwa sababu mtoto wa jicho huulisha ubongo picha mbovu nao huzijazia. Hospitali ya macho ya Sabatia, kaunti jirani ya Vihiga, haiko mbali na sisi.

Shinikizo la damu lipimwe kwa namna ambayo wengi hawaifanyi. Mzee alale dakika tano, apimwe. Asimame, apimwe tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, ubongo unakosa damu kila anaposimama, na hapo utaona anaduwaa, anajibu ovyo, anaanguka. Huenda tembe za presha alizopewa miaka iliyopita sasa zimezidi. Mwacheni akae ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na anywe maji ya kutosha mchana kutwa.

Hakuna tembe inayozuia dimenshia ya Parkinson. Kutembea kunasaidia mwili kwa hakika, na kuna dalili kwamba kunasaidia akili pia. Atembee kila siku mpaka apumue kwa kasi kidogo, asubuhi, na mtu kando yake. Aende kwaya. Mapigo ya ngoma humsaidia mwenye Parkinson kupiga hatua pale miguu inapoganda, na sisi tuna isukuti, ngoma ya Isukha na Idakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kati ya zinazohitaji kulindwa. Sisemi aruke na vijana. Akae kwenye kiti imara uwanjani, apige makofi, anyanyue miguu kwa mdundo. Palizi ya mboga aendelee nayo. Msumeno wa umeme, pikipiki na kumshika kamba fahali, hapana.

Kabla akili haijayumba, kaeni mzungumze mali. Najua huku kwetu ni mwiko kumuuliza baba habari za shamba akiwa hai, kana kwamba mnamtakia kifo. Lakini sheria inataka anayeandika wosia awe na akili timamu, atie sahihi, mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Wosia wa mdomo chini ya Sheria ya Urithi ya Kenya husimama tu kama mwenyewe atafariki ndani ya miezi mitatu baada ya kuutamka, na Parkinson ni ugonjwa wa miaka. Afadhali aliseme jambo hilo sasa, kwa sauti yake, na liandikwe, kuliko ndugu kugombana baadaye juu ya kama alikuwa anajielewa. Kwenye M-Pesa, wekeni pesa nyingi kwingine, abaki na za matumizi madogo. Matapeli wa simu humtafuta mtu wa aina hiyo. Hakikisheni ameandikishwa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kama ametimiza miaka 70, ulizeni kwa chifu kuhusu Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee. Shilingi 2,000 kwa mwezi hazitoshi dawa, ila zinalipa nauli ya kliniki.

Wewe unayetunza, nawe nakusemesha. Mara nyingi ni mke mwenye umri wake mwenyewe, au binti mkwe aliyeachiwa kila kitu. Wanaoishi Nairobi na Mombasa hupiga simu Jumapili, mzee akiwa amekaa vizuri baada ya ibada, na kukata shauri kwamba mnatia chumvi. Wapigie picha kurasa za daftari uwatumie. Gawaneni kazi kwa majina: huyu dawa, huyu nauli, huyu usiku mbili kwa mwezi. Anayepangiwa wikendi afike Ijumaa kabla ya giza, aoneshwe tembe zilipo na saa zake, alale chumba kimoja na mzee, na wewe ukalale kwingine ambako humsikii.